Ubeti wa Ramadhan wa Boma

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumapili, 5 Desemba 1971.

Mpendwa Mjomba Shomari,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mkaza mjomba Sofia, pamoja na mdogo wangu Uwesu ambaye nasikia ameanza kutembea. Je, kile kifua chako kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa? Bibi anakiulizia kila mara. Anasema usiache kujifukiza kwa majani ya mkaratusi eti kwa sababu wewe sasa ni mtu wa mashine. Sisi huku kwa upande wa mwili hatujambo. Idd tulikula salama. Magoti ya bibi yanamuuma anapoinuka, lakini akishainuka anakwenda.

Mimi nilimaliza mitihani ya kidato cha nne wiki moja kabla ya Idd. Sare zangu nimezifua na kuzikunja, sijui nimpe nani. Nakaa nyumbani nikisubiri majibu, nampikia bibi, na nakwenda kuchota maji. Soko letu la zamani limezungushiwa mabati kwa sababu linajengwa jipya, na wauza mboga wamesambaa hadi mlangoni kwetu. Asubuhi ukitoka unaruka mafungu ya bamia.

Mjomba, barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana. Wewe unajua mimi si mwepesi wa kusema, na hata kuandika leo kumenishinda. Basi nitasema jambo lenyewe kwanza. Mzee Ramadhan ameondoka nyumbani kwetu. Aliondoka juzi Ijumaa kwa gari moshi, anakuja huko huko Tabora uliko, na aliyemfukuza ni mimi, kwa kalamu yangu.

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unakumbuka walivyokuwa wakiamkiana yeye na bibi. Wewe umekua katikati ya maneno hayo kuliko mimi. Mzee akifungua mlango wa chumba chake cha uani na kubeba marobota yake ya usufi kwenda barazani kushona magodoro, bibi alikuwa hampi hata nafasi ya kunawa uso.

“We mpagazi! Umeamka? Nilidhani wenye mzigo wamekuja kukuchukua.”

“Nimeamka, mtumwa wangu. Uji uko wapi? Au mmeshaumaliza kwenye ngoma zenu za Kizaramo na uji nao?”

“Uji upo, mla kuku wa watu wewe!”

Kisha anapewa uji wake katika bakuli la bluu, kabla hata mimi sijapewa wangu. Kwa muda wote niliokaa na bibi sijasikia wakiamkiana kwa njia nyingine. Mzaramo na Mnyamwezi ndivyo walivyo, na hilo sikuhitaji kufundishwa na mtu. Siku babu alipofariki nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ilivyosimuliwa Mzee Ramadhan alivyoshuka kaburini akalala humo na kusema hatoki mpaka apewe kanzu ya marehemu. Wewe ndiye uliyemvuta mkono. Bibi alikuwa analia nyumbani, na aliposimuliwa akacheka.

Kwa hiyo sina udhuru wa kusema kwamba sikujua utani ni nini.

Jumatatu baada ya Idd alikuja nyumbani Ndugu Isidori. Humjui, amehamia mtaani baada ya wewe kuondoka. Ni kijana mchangamfu, mtu wa Kilimanjaro, jioni anafundisha kisomo cha watu wazima na ndiye kiongozi wa kikundi cha utamaduni cha mtaa wetu. Si mtu mbaya, mjomba. Nasema hivyo mapema ili usije ukamfikiria vibaya. Alisema vikundi vya mitaa vitaimba Mnazi Mmoja Jumanne ya tarehe saba, siku mbili kabla ya sikukuu ya miaka kumi ya Uhuru, na kikundi chetu kimepangiwa nyimbo za kupinga kodi ya mkoloni. Alikuwa amesikia kwamba Binti Uwesu wa Mtaa wa Mchikichi anaujua wimbo wa zamani wa kodi. Akaniangalia mimi akasema, “Na bahati nzuri nyumba hii ina msomi.”

Unajua neno kama hilo linavyomfanya mtu ambaye hajawahi kuitwa kitu. Nilipiga deki baraza kabla yeye na wenzake hawajarudi kuusikiliza.

Wimbo wenyewe unaujua. Ni ule ambao wanawake wa kwetu Uzaramo waliuimba wakitwanga, enzi za Mwingereza, askari walipokuwa wakija kutafuta kodi ya nyumba na waume wamekimbilia msituni. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Aliimba bila kuacha kupepeta, na mimi niliandika:

Kahesabu makuti, kahesabu na paa,
mvua inayovuja, nayo kaitaka.

Ndugu Isidori alipiga goti lake kwa furaha. Ukafuata ubeti wa mume kuwa na bei kichwani, kisha wa jembe lililouzwa, kisha wa mama waliofungwa barazani bomani mpaka waume wajitokeze. Wa tano sikuusikia vizuri nikamwomba aurudie. Halafu, kwa sauti ile ile na mwendo ule ule, akaimba wa sita:

Ramadhani wa boma, kamba mkononi,
kafunga mama wa watu, kala kuku jikoni.

Mjomba, huo nimeusikia tangu nikiwa mtoto, nikidhani umezaliwa pamoja na wenzake. Nikamuuliza bibi, kwa kuwa nilitaka kuandika sawasawa, “Huyu Ramadhan ndiye Mzee wetu?” Bibi akacheka mpaka ungo ukayumba. “Ndiye huyo huyo, mwizi wa kuku! Andika!”

Nikaandika.

Wala sikuishia hapo. Mwalimu wetu wa historia alitufundisha kwamba habari bila chanzo ni uvumi. Kwa hiyo nilipokwenda kuunakili wimbo vizuri, na karatasi ya kaboni chini yake ili zipatikane nakala tatu, niliandika mwishoni kwa herufi zilizosimama: “Chanzo: Binti Uwesu. Maelezo: Ramadhan anayetajwa katika ubeti wa sita alikuwa mtumishi wa boma wakati wa ukoloni. Yu hai. Ni mshona magodoro, Mtaa wa Mchikichi.” Kisha nikapiga mstari kwa rula.

Nilijivunia ule mstari. Naona haya hata kukwambia.

Mazoezi yalikuwa yakifanyika kila siku alasiri katika uwanja wa shule. Siku ya kwanza bibi alikwenda kuwafundisha sauti, na Mzee Ramadhan alikwenda naye kusikiliza akiwa na usufi kwenye nywele. Walipofika kwenye ubeti wa sita alicheka kuliko wote. Alisimama akawapungia mkono kama kiongozi, akasema, “Ndiye mimi! Na kuku mwenyewe alikuwa mgumu!” Watu wakapiga makofi. Nadhani yeye na bibi ndio peke yao waliokuwa wanacheka kwa sababu moja. Wengine walicheka kwa sababu zao.

Ubeti huo ukawa ndio unaopendwa. Zile nyingine tano zinasema “mkoloni” na “askari” na “bwana”, watu wasio na sura. Huu una jina la mtu na mlango wake. Baada ya siku mbili watoto waliokuwa wakirudi chuo cha Kurani walikuwa wakiuimba mbele ya baraza letu. Mzee akawatupia konzi la usufi, akawaambia, “Njooni niwafunge na nyie!” Nikaona kama bado mambo ni mazuri.

Halafu yule mama wa nyumba ya tatu aliyekuwa ameagiza godoro la futi nne na nusu akatuma mtu kusema asishonewe tena. Hakutoa sababu. Siku iliyofuata wakaja vijana wawili wa kikundi, wakiwa wamevaa mashati ya kijani ya sare yao, wakakaa barazani bila kukaribishwa. Mimi nilikuwa ukumbini nachambua mchicha.

Mmoja akasema, “Mzee, sisi tunataka historia tu. Kule bomani ulikuwa na cheo gani?”

Mzee akajibu kwa mzaha wake, “Nilikuwa gavana.”

Hawakucheka. Yule mwingine akasema, “Tumesoma maelezo yako kwenye karatasi. Usitufanye watoto.”

Mzee akauliza, “Karatasi gani?”

Nilisikia, mjomba, na sikutoka. Niliendelea kuchambua mchicha mpaka nikajikuta natupa majani na kuweka mashina.

Jumanne asubuhi, tarehe thelathini, alipofungua mlango wake alikuta kipande cha kamba ya katani kimefungwa kwenye komeo kwa nje, na kitanzi. Hatujui nani alikifunga. Alikifungua taratibu kwa vidole, bila kukikata, akakikunja akakitia mfukoni. Bibi alikuwa ukumbini na hakukiona. Yeye akaanza kama kawaida yake, “We mpagazi! Leo umelala mpaka jua limekutafuta?”

Mzee Ramadhan akasimama mbele yake akasema, “Umeamkaje, mama?”

Bibi akadhani ni namna mpya ya mchezo. Akamwambia, “Mama yako nani, mla kuku wewe?”

Akajibu, “Sawa, mama.” Akapita.

Sijui kama nitaweza kukueleza sura ya bibi. Alikaa na upawa mkononi. Uji ukapoa katika bakuli la bluu na hapana aliyelichukua. Siku ile yote aliuliza kila aliyepita, hata muuza mkaa, “Mtani akikuamkia kwa adabu, maana yake nini?” Alikuwa anaijua maana yake.

Jioni nilimwonyesha bibi nilichoandika chini ya wimbo. Nilimsomea. Hakunipiga wala kunifokea, na ingekuwa afadhali. Alinieleza yale ambayo pengine wewe unayajua na mimi sikuwahi kuambiwa. Ubeti wa sita haukuimbwa na mwanamke yeyote kwenye kinu. Aliutunga yeye mwenyewe, hapa Kariakoo, miaka mingi baadaye.

Alisema kwamba mama yake, bibi yako, alikuwa mmoja wa wale waliofungwa barazani bomani siku tatu. Bibi alikuwa msichana kama mimi, akimpelekea chakula. Na pale bomani kulikuwa na kijana wa Kinyamwezi aliyekuja pwani kutafuta kazi ya mkonge, akakamatwa njiani hana stakabadhi ya kodi. Kwa kuwa hakuwa na fedha, alilipishwa kwa kazi. Walimpa kufagia, kuchota maji na kusokota kamba. Hakuwa mtumishi wa boma, mjomba. Alikuwa mfungwa wa kodi kama wale kina mama, ila yeye hakufungwa kwa kamba, alizisokota.

Miaka ilipita. Babu akajenga nyumba hii, akaja mpangaji mshona magodoro. Siku moja katika mazungumzo wakajuana. Mzee Ramadhan alimwambia bibi, “Sijui kama kamba iliyomfunga mama yako niliisokota mimi au mwenzangu.” Bibi anasema alikaa kimya mpaka akaogopa kimya chake mwenyewe. Hakuweza kumwambia nimekusamehe, kwa sababu hakuwa na uhakika kama kuna kosa. Hakuweza kumfukuza. Basi akamtukana. Akamtungia ubeti papo hapo, akamwongezea na kuku ambaye hakuwapo kabisa. Mzee akacheka huku machozi yanamtoka, akamwita bibi mtumwa wake, na tangu siku hiyo wakawa wanaweza kukaa baraza moja.

Huo ndio ubeti nilioupigia mstari kwa rula.

Jumatano bibi alijikongoja mpaka mazoezini. Aliwaambia wanakikundi, “Ubeti wa mwisho ni wangu, si wa kodi. Ni utani. Uacheni.” Walimpigia makofi. Dada mmoja alimkumbatia akasema, “Bibi ana maneno huyu!” Wakaimba tena tangu mwanzo, na walipofika pale wakaimba kwa nguvu zaidi, wakimtazama yeye kana kwamba wanamfurahisha. Bibi akawaambia yeye haimbi tena. Hawakuhitaji aimbe. Wimbo wote walikuwa wameshaushika.

Alhamisi nilikwenda mimi kwa Ndugu Isidori. Nilikuwa nimekwenda Jumatano pia nikafika mlangoni nikarudi. Safari hii nilipanga maneno njiani, nikayarudia mpaka nikagongana na mkokoteni wa nazi.

Nilimwambia, “Ndugu Isidori, ule ubeti wa sita...”

“Ndio moto wenyewe ule! Umesikia unavyoitikiwa?”

“Ni utani. Bibi alimtungia tu.”

Akaweka kalamu chini. Alinisikiliza, siwezi kusema hakunisikiliza. Akasema, “Dada Sabaha, hata sisi kwetu tuna watani, Wapare. Naujua utani. Lakini utani nao huwa na mahali unapotoka. Alikuwapo bomani au hakuwapo?”

“Alikuwapo, lakini kwa kukosa kodi. Alilipishwa kwa kazi.”

“Na kamba? Alisokota au hakusokota?”

Mjomba, nilikuwa na nafasi ya kusema hakusokota. Neno moja tu. Hakuna mtu mwingine katika chumba kile aliyejua. Nilimwangalia, nikasema, “Alisokota.”

“Basi,” akasema. Hakusema kwa ubaya. Alinionyesha kwamba maneno ya nyimbo zote yamekwishapigwa taipu na kupelekwa kwa waandaaji, pamoja na maelezo yangu ya chini, na kwamba waliyasifu. Akasema historia haifutwi kwa huruma. Kisha akaniomba Jumanne nikae mbele ya waimbaji na karatasi, ili atakayesahau nimkumbushe. Nilitaka kumwambia siwezi. Nilisema, “Ahsante.” Mpaka sasa sijui nilikuwa namshukuru kwa nini.

Niliporudi nilimkuta Mzee Ramadhan anakunja magunia yake. Nikapiga magoti kumwomba radhi. Aliniambia niinuke, sakafu ina sindano. Akaniomba nimsomee ile karatasi, kwa kuwa yeye hasomi. Nilimsomea yote, na ile sehemu ya chini, mpaka “Yu hai.” Hapo akanisimamisha, akataka nirudie. Nikarudia.

Akasema, “Bibi yako kanitukana miaka yote hii sikupata hata homa. Tusi lake lilikuwa linanitoka asubuhi kama jasho. Hili lako la karatasi litatoka lini, mjukuu wangu?”

Aliniuliza kwa upole, nadhani alitaka kujua kweli.

Nilimsihi asiondoke. Alisema si kwamba anawaogopa vijana. Alisema kila anapomsikia bibi akimtukana sasa, anasikia sauti za watu wengine nyuma yake, na hawezi tena kujua yupi ndiye mtani.

Ijumaa alibeba sindano zake kubwa, mkasi, blanketi na mkeka. Usufi wote aliuacha. Bibi alijifungia chumbani tangu alfajiri, lakini aliposikia mlango wa mbele unalia alitoka mbio kwa yale magoti yake, bila kanga ya kichwani, akasimama kizingitini akapiga kelele mbele ya wauza bamia wote:

“We mpagazi! Unakimbia mzigo wako? Usufi huu wote nani ataubeba? Rudi hapa, mwizi wa kuku, hujamaliza deni la mama yangu!”

Mjomba, sijasikia mtu akimwomba mtu namna ile. Watu walicheka. Mzee Ramadhan aligeuka, akashika kofia yake, akasema, “Kwaheri, mama. Nakushukuru kwa yote.”

Akaenda stesheni kwa miguu. Nilimfuata kwa mbali mpaka Mnazi Mmoja, kisha nikashindwa. Pale uwanjani walikuwa wameanza kufunga bendera.

Tangu hapo bibi hali vizuri. Anapika uji wa watu watatu kila asubuhi na kumwaga wa mtu mmoja. Nyumba ambayo ilikuwa inaamka kwa matusi sasa inaamka kwa jogoo wa jirani.

Jumanne wataimba. Nikienda nitakaa mbele nikiwa na karatasi yangu, na nisipokwenda wataimba vilevile, maana hapana anayesahau ubeti ule. Nimefikiri kuzichukua nakala zote nizichome, lakini ipo moja kwa waandaaji na nyingine midomoni mwa watoto wa mtaa mzima. Nimefikiri kusimama na kusema mbele ya watu. Wewe unanijua. Darasani nilikuwa nikiitwa jina naitika kwa kunyoosha mkono.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, ingawa najua barua hii itasafiri nyuma yake kwa siku kadhaa na yeye ameshafika. Alisema ana mtoto wa dada yake katika kijiji kimoja nje ya Tabora, lakini hajui kama bado yupo, na jina la kijiji hakututajia. Hana mtu mwingine. Tafadhali ulizia stesheni kwa wenzako wa reli. Ulizia misikitini siku ya Ijumaa, na kwa washona magodoro wa sokoni, kwa sababu kazi nyingine haijui. Utamtambua, ila kama nywele zake hazina usufi huenda ukampita.

Nisalimie mkaza mjomba Sofia, mwambie kitambaa alichoagiza nimekipata na nitakituma. Mbusu Uwesu kwa ajili yangu. Mama kule Maneromango anawasalimu, ameleta mihogo wiki iliyopita na hajui chochote kuhusu haya. Bibi anakusalimu kila siku, ila leo hajui kama nakuandikia.

Ombi langu la mwisho ni hili. Ukimwona, usimpe shikamoo. Usimwambie pole, wala usimwombe radhi kwa niaba yetu, nimeshafanya hivyo na haikusaidia. Wewe ni Mzaramo na ni mtoto wa Binti Uwesu. Mtukane. Mwite mpagazi, mwite mwizi wa kuku, mbele ya watu wake huko huko kwao, kwa sauti ya bibi kadiri unavyoweza. Akikujibu kwa adabu, akakwambia “marahaba, mwanangu,” basi mpe chakula na mahali pa kulala, na usituandikie. Lakini akikuita mtumwa wake, mjomba, usingoje barua. Nenda posta siku hiyo hiyo utume telegramu, neno moja tu litatosha, “KANITUKANA”, nami nitamsomea bibi.

Mungu akulinde kazini na safarini, akupe afya wewe na nyumba yako yote, na atuhurumie sisi tusiojua tunachoandika.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukutegemea,

Sabaha